Vyombo vya Mwigo: Kujifunza Upasuaji wa Moyo Mbali na Mwalimu

Tarehe 6 Mei 1953, katika mji wa Philadelphia nchini Marekani, Daktari John Gibbon alimfanyia upasuaji msichana mwenye umri wa miaka 18 aliyezaliwa na tundu katika ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu vya moyo. Kwa muda wa dakika 26 kazi yote ya moyo na mapafu ya msichana huyo ilifanywa na mashine iliyokuwa kando ya kitanda chake. Tundu lilishonwa, moyo ukarudia kazi yake, na msichana akapona. Huo ndio uliokuwa upasuaji wa kwanza wa aina hiyo kufanikiwa duniani.

Tangu siku hiyo upasuaji wa moyo umeendelea mno. Hata hivyo, swali moja limebaki palepale: mikono ya wapasuaji wapya ifundishwe wapi? Mtu hawezi kuwa mpasuaji kwa kusoma vitabu tu, wala si haki mgonjwa awe ubao wa kujifunzia. Swali hili ni gumu zaidi katika nchi ambazo wapasuaji wa moyo ni wachache na hospitali zenye kuifanya kazi hiyo zinahesabika kwa vidole. Makala haya yaeleza jinsi vyombo vya mwigo vinavyotumiwa kuufundisha mkono kabla haujagusa moyo wa binadamu, na jinsi mafunzo hayo yanavyoweza kutolewa na mwalimu aliye mbali, pengine katika nchi nyingine.

Kazi inayohitajiwa

Moyo wa mtu mzima una ukubwa unaokaribia ngumi yake na uzito wa gramu 300 hivi. Hupiga mara 70 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 100,000 kwa siku, na kila dakika husukuma lita 5 za damu mtu akiwa amepumzika. Ndani yake mna vali nne, ambazo ni kama milango inayofunguka upande mmoja tu ili damu isirudi ilikotoka.

Katika nchi za kitropiki sehemu kubwa ya kazi ya mpasuaji wa moyo hutokana na vali zilizoharibika. Mtoto huanza kwa kuumwa na koo kutokana na bakteria waitwao streptokoki. Asipotibiwa kwa penisilini, huenda kinga ya mwili wake ikageuka na kushambulia viungo vyake mwenyewe, zikiwamo vali za moyo. Vali hukakamaa au huacha kufunga vizuri, na kijana aliyekuwa akicheza mpira huanza kuishiwa na pumzi anapopanda ngazi. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapatao milioni 55 wanaishi na ugonjwa huu, na kwamba kila mwaka watu 360,000 hivi hufa kwa sababu yake. Penisilini huweza kuuzuia ugonjwa mapema. Lakini vali ikishaharibika sana, dawa haiwezi kuitengeneza. Hapo yahitajika mikono ya mpasuaji.

Mikono hiyo hufanya nini? Kwanza mgonjwa huunganishwa na mashine ya moyo na mapafu. Mshipa mkuu utokao moyoni hubanwa, na moyo husimamishwa kwa kutiwa maji yenye potasiamu, ambayo mara nyingi huwa ya baridi. Kuanzia hapo muda ni mali, kwa maana msuli wa moyo haupati damu. Mpasuaji hulazimika kufanya kazi kwa haraka bila ya pupa.

Mfano ulio wazi ni upasuaji wa kuunganisha mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Mishipa hii ikiziba, mpasuaji huchukua mshipa mwingine, aghalabu kutoka mguuni au kifuani, na kuushona mbele ya mahali palipoziba ili damu ipate njia mpya. Mshipa unaoshonwa una kipenyo cha milimita 1.5 hadi 2 hivi. Uzi utumiwao ni mwembamba kama unywele wa binadamu, yaani kiasi cha milimita 0.05 hadi 0.07. Mpasuaji huvaa miwani inayokuza vitu mara mbili na nusu au zaidi ili aweze kuuona.

Wanafunzi wa fizikia wanaweza kuona mara moja kwa nini kosa dogo ni hatari. Kwa mujibu wa kanuni ya Poiseuille, kiasi cha maji kinachopita katika bomba, mambo mengine yakiwa sawa, hulingana na nusu-kipenyo kikizidishwa chenyewe kwa chenyewe mara nne. Tuseme mshipa wenye kipenyo cha milimita 2 umeshonwa vibaya, uzi ukavutwa mno, na kipenyo kikapungua hadi milimita 1.5. Uwiano wa vipenyo ni 0.75. Namba hiyo ikipandishwa hadi kipeo cha nne hutoa 0.32 hivi. Maana yake ni kwamba mahali hapo njia itapitisha chini ya theluthi moja ya kiasi ambacho ingepitisha, ijapokuwa kosa la mkono lilikuwa nusu ya milimita tu.

Wapasuaji walivyofundishwa zamani

Mwishoni mwa karne ya 19 Daktari William Halsted, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, aliweka utaratibu ulioenea baadaye duniani kote. Mpasuaji kijana alikaa hospitalini kwa miaka mingi, akitazama, kisha akisaidia, kisha akipasua mwenyewe huku mkubwa wake akimwangalia. Utaratibu huu ulitoa wapasuaji hodari sana. Lakini una sharti moja: hapana budi pawe na wagonjwa wengi na walimu wa kutosha mahali pamoja. Pasipokuwa na hayo, mwanafunzi huweza kungoja miezi kadhaa bila ya kuushika uzi.

Njia nyingine ilikuwa kufanya mazoezi kwa wanyama katika maabara. Barani Afrika jina la kukumbukwa katika kazi hii ni la Hamilton Naki wa Afrika ya Kusini. Naki alianza akiwa mtunza bustani katika Chuo Kikuu cha Cape Town, akahamishiwa katika maabara ya wanyama, na kwa bidii yake akawa hodari wa kuhamisha viungo. Sheria za ubaguzi wa rangi hazikumruhusu kuwa mpasuaji wa watu, lakini madaktari wengi vijana walijifunza kazi hiyo mikononi mwake. Mwaka 2003 chuo kikuu hicho kilimtunukia shahada ya heshima. Habari zake zaonyesha jambo moja muhimu: ustadi wa mkono hufundishika nje ya chumba cha upasuaji.

Funzo kutoka kwa marubani

Wazo la vyombo vya mwigo lilipata nguvu zake kwanza katika urukaji wa ndege. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha kutengenezea vinanda katika mji wa Binghamton, alitumia pampu na mifuko ya hewa ya vinanda kutengeneza ndege ndogo ya bandia iliyoinama na kugeuka bila ya kuondoka chini. Mwanzoni wengi waliiona kama mchezo wa watoto. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, na marubani kadhaa wakafa kwa sababu hawakuzoea kuruka katika mawingu na giza. Jeshi likanunua mitambo ya Link. Leo hakuna rubani wa ndege kubwa ya abiria anayepewa kazi kabla ya kupitia chombo cha mwigo.

Katika tiba, hatua za mwanzo zilikuwa ndogo. Mwaka 1960 Åsmund Laerdal, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto huko Norway, alitoa mwanasesere mkubwa wa kujifunzia namna ya kumpulizia pumzi mtu aliyezirai. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Miami kilionyesha mwanasesere aliyeitwa Harvey, aliyeweza kutoa sauti za moyo zilizo nzima na zilizo na kasoro. Upasuaji wa moyo ulikawia kufuata, kwa kuwa si rahisi kuuiga moyo unaopiga.

Moyo uliopiga Jamaica

Inafaa kujua kwamba moja ya hatua kubwa katika jambo hili haikuanzia katika nchi tajiri. Daktari Paul Ramphal alikuwa akifanya kazi Jamaica, katika Chuo Kikuu cha West Indies. Idadi ya wagonjwa waliopasuliwa moyo kisiwani humo ilikuwa ndogo, na kwa hiyo nafasi za mwanafunzi kujizoeza zilikuwa chache. Akishirikiana na wenzake, wakiwamo wataalamu wa kompyuta, Ramphal alichukua moyo wa nguruwe aliyekwisha chinjwa, akatia mipira myembamba ndani ya vyumba vyake, na kuiunganisha na pampu inayoongozwa na kompyuta. Mipira ilipojazwa na kupunguzwa, moyo ule ulionekana ukipiga kama ulio hai. Kiowevu chekundu kilipita katika mishipa yake. Mwalimu aliweza kuiamuru kompyuta iuharakishe moyo, iufanye utetemeke ovyo, au iusimamishe kabisa. Habari za chombo hicho zilichapishwa mwaka 2005.

Wapasuaji wa Marekani, wakiongozwa na Daktari Richard Feins wa Chuo Kikuu cha North Carolina, walikichukua chombo hicho na kukiendeleza. Baadaye vyuo 8 vya Marekani vilishirikiana kukifanyia uchunguzi kwa kufundisha mambo 6, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2017. Matatu kati ya mambo hayo yalikuwa kazi za kawaida, yaani kumuunganisha mgonjwa na mashine, kushona mishipa, na kubadilisha vali. Matatu mengine yalikuwa maafa: hewa nyingi kuingia katika mishipa, ukuta wa mshipa mkuu kuchanika, na moyo kudhoofika ghafla. Maafa kama hayo ni adimu. Mpasuaji huweza kufanya kazi kwa miaka kadhaa bila ya kukutana nayo. Lakini yatokeapo hayamngojei mtu afungue kitabu. Chombo cha mwigo humwezesha mwanafunzi kukutana na maafa hayo, kukosea, na kurudia tena, pasipo mtu yeyote kufa.

Aina za vyombo vya mwigo

Chombo cha mwigo, ambacho wengine hukiita simuleta, ni kifaa kinachoiga sehemu ya kazi halisi ili mtu aifanyie mazoezi. Katika upasuaji wa moyo vyombo hivi vyaweza kugawanywa katika aina tatu.

Aina ya kwanza ni kisanduku cha kushonea. Ndani yake mna kishikizo na vipande vya mishipa ya bandia iliyotengenezwa kwa silikoni au mpira laini. Kisanduku hiki ni chepesi, hakihitaji umeme, na huweza kuwekwa juu ya meza nyumbani.

Aina ya pili ni viungo vya wanyama. Moyo wa nguruwe hutumiwa sana kwa sababu umbo na ukubwa wake unakaribia ule wa binadamu. Mahali pengine hutumiwa moyo wa kondoo au wa ng'ombe kutoka machinjioni. Mnofu halisi hukata na kuchanika kama ulivyo mnofu wa mgonjwa, jambo ambalo silikoni haiwezi kuliiga barabara.

Aina ya tatu ni mitambo ya kompyuta. Mwanafunzi huona picha ya moyo katika kioo au katika miwani ya pekee, na huweza kuuzungusha, kuukata na kuyaona matokeo. Mitambo hii hufaa sana kwa kujifunza maumbile ya moyo na mpangilio wa kazi. Kwa ustadi wa kushona, hata hivyo, kisanduku cha bei ndogo chenye sindano ya kweli mara nyingi hufaa zaidi kuliko picha nzuri isiyoweza kuguswa.

Mwalimu akiwa mbali

Mwanafunzi hupelekewa kisanduku, nyuzi, kishikio cha sindano na koleo ndogo. Hutazama filamu ya somo, kisha huanza kushona akiwa kwake. Simu yenye kamera hufungwa juu ya kisanduku ili ipige picha za mikono peke yake. Filamu hiyo hupelekwa kwa mwalimu kwa njia ya intaneti. Mwalimu huitazama, hutoa alama, na huzungumza na mwanafunzi huku wote wawili wakiangalia picha ileile.

Mwalimu huangalia nini? Huangalia kama sindano imeshikwa mahali pafaapo, kiasi cha theluthi mbili kutoka katika ncha yake. Huangalia kama ncha inaingia katika ukuta wa mshipa wima, kisha inafuata mviringo wa sindano kwa kuzungusha kifundo cha mkono badala ya kusukuma. Huhesabu nafasi kati ya mchomo mmoja na mwingine kama ni sawasawa. Huona kama koleo imeubana utando wa ndani wa mshipa, jambo ambalo limekatazwa, kwa maana utando uliojeruhiwa hugandisha damu. Mwisho hutazama uzi: ukilegea damu itavuja, ukivutwa mno mshipa utafinyika kama mdomo wa mfuko uliofungwa kwa kamba.

Ili alama zisitegemee huruma au chuki ya mwalimu, hutumiwa mizani maalumu. Mizani mashuhuri iliundwa katika Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, na kutangazwa mwaka 1997. Ina vipengele 7, na kila kimoja hupewa alama 1 hadi 5. Miongoni mwake ni heshima kwa mnofu, matumizi ya muda na mijongeo ya mikono, ushikaji wa vyombo, na mtiririko wa kazi. Kwa kuwa filamu huonyesha mikono tu, mwalimu huweza kutoa alama bila ya kujua mikono hiyo ni ya nani. Njia hii ilitumika Marekani katika mashindano ya wapasuaji wapya wa moyo, ambao walipewa visanduku wakafanye mazoezi kwao, na kazi zao zikapimwa bila ya majina.

Wengine watauliza: je, kuchelewa kwa picha hakudhuru? Hapa yapasa kutofautisha kumpasua mgonjwa kwa mbali na kufundisha kwa mbali. Tarehe 7 Septemba 2001 wapasuaji wakiongozwa na Profesa Jacques Marescaux, wakiwa New York, waliongoza roboti iliyoondoa mfuko wa nyongo wa mgonjwa aliyekuwa Strasbourg, Ufaransa. Mawimbi yalisafiri kilomita zaidi ya 14,000 kwenda na kurudi. Mwanga ndani ya mkongo wa kioo huenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo safari hiyo peke yake ilihitaji sekunde 0.07 hivi. Ukijumlisha muda wa mitambo kuziandaa picha, ucheleweshaji wote ulikuwa sekunde 0.155. Kwa mgonjwa, ucheleweshaji ukizidi huweza kuwa hatari, kwa sababu kisu huwa kimekwisha kata kabla ya mpasuaji kuona. Kwa kisanduku cha mazoezi, hata mwalimu akijibu baada ya siku mbili hakuna damu iliyomwagika. Ndiyo maana ufundishaji kwa mbali hauhitaji mitambo ya gharama kubwa kama upasuaji kwa mbali.

Je, mazoezi haya yana faida?

Sayansi haikubali jambo kwa kuwa tu linapendeza. Hapana budi lipimwe. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walitangaza jaribio lililohusu wapasuaji wanafunzi 16. Nusu yao walijizoeza kwa mtambo wa kompyuta, na nusu walifundishwa kwa njia ya kawaida tu. Kisha wote walifanya upasuaji halisi wa mfuko wa nyongo. Waliojizoeza kwa mtambo walimaliza sehemu iliyopimwa kwa muda uliopungua kwa asilimia 29, na makosa yao yalikuwa machache zaidi, kiasi cha moja ya sita ya yale ya wenzao.

Jaribio jingine, lililofanywa Toronto na kutangazwa mwaka 2006, lagusa kwa karibu zaidi habari ya kujifunza nyumbani. Wanafunzi 38 wa upasuaji walifundishwa kuunganisha mishipa midogo kwa vipindi vinne. Kundi moja lilipata vipindi vyote kwa siku moja. Kundi la pili lilipata kipindi kimoja kila juma. Baada ya mwezi mmoja wote walipimwa, na waliojifunza kidogo kidogo walifanya vizuri zaidi. Kujifunza kwa siku moja kwafanana na kumwaga debe la maji juu ya mche mara moja: mengi hupotea. Semina ya siku tatu inayomleta mgeni kutoka mbali, kisha ikaisha, ina kasoro hiyohiyo. Kisanduku kinachobaki mezani kwa mwanafunzi mwaka mzima hakina.

Na mwaka 2015 watafiti wa Marekani waliochunguza ushonaji wa mishipa ya moyo kwa kisanduku walitangaza matokeo ambayo huenda yakawashangaza walimu: mazoezi yenyewe ndiyo yaliyoongeza ustadi, iwe mpasuaji mkuu amesimama kando ya mwanafunzi au la. Matokeo haya hayamwondoi mwalimu. Yanaonyesha tu kwamba saa zake chache zitumiwe katika kuonyesha njia, kupima na kusahihisha, na saa nyingi za kurudia ziachwe kwa mwanafunzi mwenyewe.

Mipaka ya mwigo

Hata hivyo, lingekuwa kosa kudhani kwamba kisanduku kitatoa mpasuaji kamili. Jambo la kwanza linalokosekana ni mguso. Mwalimu aliye mbali huona uzi, lakini hausikii ukikaza. Upungufu huu huzibwa kwa sehemu: mwanafunzi hupitisha maji katika mshipa aliokwisha ushona na kupima yanayovuja, kisha huupasua kwa urefu na kuupiga picha upande wa ndani, ili mwalimu aone kile ambacho mkono ulikisikia.

Jambo la pili ni mnofu wa ugonjwa. Mshipa wa silikoni ni laini kila mahali. Mshipa wa mgonjwa huenda una chokaa ngumu upande mmoja na ni dhaifu upande mwingine. Jambo la tatu ni watu. Upasuaji wa moyo hufanywa na kundi: mpasuaji, daktari wa usingizi, mwendesha mashine ya moyo na mapafu, na wauguzi. Baada ya upasuaji mgonjwa huhitaji uangalizi wa mchana na usiku. Mtu mmoja aliyejifunza kushona peke yake mezani hajajifunza kuongoza kundi hilo.

Kwa hiyo chombo cha mwigo hakichukui nafasi ya chumba cha upasuaji. Kazi yake ni kumfikisha mwanafunzi mlangoni mwa chumba hicho akiwa mikono yake imekwisha jua kushona, ili akili yake ipate nafasi ya kumfikiria mgonjwa.

Afrika ya Mashariki

Kwa muda mrefu wagonjwa wa moyo wa Tanzania waliohitaji upasuaji walipelekwa nchi za nje, hasa India, na wengi zaidi hawakupelekwa kokote. Mwaka 2008 upasuaji wa moyo ulianza katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mwaka 2018 wataalamu wa mataifa mbalimbali walitoa Azimio la Cape Town, lililotaka upasuaji wa moyo uwafikie watu wa nchi zinazoendelea na wapasuaji wafundishwe hukohuko waliko wagonjwa. Baada ya azimio hilo Rwanda na Msumbiji zilichaguliwa kuwa mahali pa kuanzia.

Mafunzo ya kwenda ng'ambo kwa miaka kadhaa yataendelea kuhitajika, lakini yana gharama zake. Daktari aendapo, hospitali yake hupungukiwa, na pengine harudi. Mkongo wa baharini ulipofika katika pwani ya Afrika ya Mashariki mwaka 2009, ulifungua njia ya pili: somo lisafiri, na daktari abaki. Vipindi vya msingi vya mkono, yaani kushika sindano, kushona na kufunga fundo, vyaweza kumalizwa nyumbani chini ya jicho la mwalimu aliye mbali. Miezi michache ya kukaa na mwalimu huyo ana kwa ana itumike kwa mambo yasiyoweza kufundishwa kwa njia nyingine.

Zoezi kwa darasa

Walimu wa baiolojia na fizikia wanaweza kulichunguza jambo hili kwa vifaa vya kawaida. Kata shingo za maputo ili kupata mirija ya mpira. Kila mwanafunzi aunganishe mirija miwili kwa sindano ya kushonea nguo na uzi mwembamba, kwa michomo 12. Pima muda aliotumia. Kisha pitisha maji kutoka katika chombo kilichoinuliwa kwa kimo kilekile kila mara, na upime kwa silinda yanayovuja kwa sekunde 60.

Gawanya darasa katika makundi mawili. Kundi la kwanza lifanye zoezi mara nne kwa siku moja. Kundi la pili lifanye mara moja kila juma kwa majuma manne. Mwezi mmoja baada ya zoezi la mwisho la kila kundi, wapime tena na ulinganishe wastani wa muda na wa maji yaliyovuja. Wanafunzi wajadili: kwa nini makundi yachaguliwe kwa kura? Kwa nini kimo cha maji kisibadilike? Mwalimu azihesabu sindano kabla na baada ya kipindi.

Atakayefanya zoezi hilo ataona kwamba mchomo wa kwanza hutetemeka, na wa arobaini hautetemeki. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Mkono wa mpasuaji aliye hodari nao umeundwa, mchomo kwa mchomo. Mgonjwa ana haki ya kutaka michomo ile ya kwanza, yenye kutetemeka, iwe imekwisha kufanywa juu ya mpira na silikoni kabla zamu yake haijafika.